Robo Ratili ya Siagi

Katika filamu ya Brighton Beach Memoirs yupo mama aitwaye Kate ambaye humtuma mwanawe dukani kuleta robo ratili ya siagi, na jasho la kijana halijakauka, humrudisha kulekule kuleta robo nyingine. Kijana mwenyewe, Eugene Jerome, ana miaka 14 na anaikaribia 15. Anaota kuwa mrusha mpira wa timu ya besiboli ya Yankees, au mwandishi iwapo besiboli itamkataa, na haoni kwa nini nusu ratili isinunuliwe kwa mkupuo mmoja ili miguu yake ipumzike. Mama anayo sababu, tena ameipima: anaingiza katika hesabu hata uwezekano wa nyumba kuungua kabla siagi haijaliwa. Sisi wa rika langu, tuliozaliwa miaka ya Vita vya Pili vya Dunia au punde baada yake, tuliiona filamu hii mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kanda za video, maana Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, na mtu mwenye deki alikuwa na wageni kila jioni, apende asipende. Tulicheka, lakini hatukushangaa. Tulikuwa tumetoka juzi tu katika miaka iliyofuata Vita vya Kagera, miaka ya foleni za sukari na sabuni, na ya unga wa mahindi ya njano ambao mitaani tuliubatiza Yanga. Mama anayegawa siagi kwa robo tulimjua tangu zamani; jina lake tu ndilo lililokuwa geni.

Filamu hiyo ilitoka Desemba 1986, ikiongozwa na Gene Saks, na imetokana na tamthilia ya Neil Simon iliyoanza kuonyeshwa Broadway mwaka 1983. Hadithi inatokea New York, katika mtaa wa Brighton Beach, Brooklyn, kando ya bahari na jirani na Coney Island, Septemba 1937. Ni nyumba ya Wayahudi wa kipato kidogo, na ndani yake wanalala watu saba: Jack na mkewe Kate, wana wao wawili, Stanley na Eugene, kisha Blanche, mdogo wake Kate, aliyefiwa na mume, pamoja na binti zake Nora na Laurie. Laurie ana moyo dhaifu, au ndivyo isemwavyo, na kwa ajili hiyo haguswi na kazi yoyote, jambo linalomkera Eugene kuliko hata safari za dukani. Mchana Jack hukata vitambaa vya makoti ya mvua. Jioni huuza vikorokoro vya sherehe, kofia za karatasi na tarumbeta za kuchezea, katika kumbi za starehe. Kampuni ya vikorokoro inafilisika, naye anarudi nyumbani na boksi la masalia, na watu saba wanabaki wakitegemea mkasi mmoja, kwa kuwa mshahara wa Stanley ni wa kijana anayeanza.

Vijana wanaoitazama leo hawana budi kuambiwa mwaka 1937 ulikuwa mwaka wa namna gani, kwa sababu filamu yenyewe haihubiri. Mdororo Mkuu wa uchumi ulikuwa umeanza 1929. Watu walikuwa wamevumilia miaka minane, na pale mambo yalipoanza kunyanyuka, uchumi ukaporomoka tena katika mwaka huohuo wa 1937. Sheria ya taifa zima ya kima cha chini cha mshahara ilikuja 1938, nayo iliweka senti 25 kwa saa. Sheria ya pensheni ilipitishwa 1935, lakini malipo ya kila mwezi hayakuanza mpaka 1940. Basi Jack anaposhikwa na shambulio la moyo katikati ya hadithi, hakuna mfuko wa kumdaka. Daktari anasema apumzike. Kupumzika ni dawa ya bei ghali, na kila mtu mezani anajua bei yake, ila hakuna anayeitaja. Hapo ndipo unapouona uzito wa robo ratili ya siagi: Kate si mchoyo. Ni mhasibu wa nyumba isiyo na akiba, na mhasibu wa namna hiyo hapewi nafasi ya kukosea hata mara moja.

Anayesimulia ni Eugene, na Jonathan Silverman alimwigiza kwa wepesi unaopendeza. Anatugeukia, anatuambia siri zake, anaandika kila kitu katika daftari lake la kumbukumbu. Mengi ya siri hizo ni mambo ya kubalehe ambayo mtu wa umri wangu hayaandiki kwa kirefu, na vijana hawahitaji msaada wangu kuyaelewa. Lakini nikiitazama filamu hii sasa, miaka mingi baada ya mara ya kwanza, naona kijana ni dirisha tu. Watu walio upande wa pili wa dirisha ndio wenye filamu: baba anayerudi usiku mabega yameshuka, na watu wake wanaomngoja kwa zamu. Kuna mpangilio fulani katika nyumba ile ambao rika letu tunautambua mara moja. Matatizo huwekwa kiporo mchana kutwa. Hakuna anayeamua jambo kubwa mpaka baba aje, na baba akija hapewi hata nafasi ya kuvua viatu. Nora amepata nafasi ya kujaribiwa katika onyesho la Broadway na anataka kuacha shule. Mama yake hawezi kumjibu, anasema tutamngoja shemeji Jack. Stanley ana la kwake, anamnong'oneza mdogo wake amwekee njia. Jack anawasikiliza wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa na usingizi machoni, na anajitahidi kuwa mwenye hekima kwa sababu hakuna mwingine aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Ya Stanley ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi. Ana umri wa miaka 18 na ushei, anafanya kazi katika duka la kofia kwa dola 17 kwa wiki. Mfanyakazi mmoja mweusi, mfagiaji, ameharibu kofia kwa bahati mbaya, na mwenye duka anataka azilipe kutoka mfukoni mwake. Stanley anaingilia kati, anamtetea, anamvunjia bosi heshima mbele ya watu. Bosi anampa masharti: barua ya kuomba radhi, la sivyo kazi hana. Basi kijana anarudi nyumbani akiwa na haki upande mmoja na dola 17 upande wa pili, na anamuuliza baba afanye nini. Wazazi wengi wa rika langu, na nasema hili kwa kuwaheshimu, wangemjibu kabla hajamaliza sentensi: andika barua. Wengine wachache, wenye moyo wa siasa, wangemwambia asiandike hata akifa njaa. Jack hafanyi lolote kati ya hayo. Anamwambia kwamba anaona fahari kwa alichokifanya, anamweleza pia hali ya nyumba ilivyo, kisha anamwachia mwenyewe. Stanley anaandika barua. Haandiki kwa kushindwa hoja. Anaandika kwa sababu ameona sahani saba mezani. Na kama vile maisha yasivyomlipa mtu kwa uungwana wake papo hapo, siku chache baadaye kijana huyohuyo anaupoteza mshahara wa wiki nzima katika kamari ya karata, akitaraji kuuzidisha ili amsaidie baba, na aibu inamtoa nyumbani nusura aingie jeshini. Anarudi. Mimi sijui matukio mengi katika vichekesho yanayofundisha uwiano wa haki na mkate kwa utulivu kama huo.

Najua vijana wa leo wanaupima uamuzi wa Stanley kwa mizani nyingine. Nimewasikia wakisema kwamba angeondoka, angetafuta kwingine, heshima ya mtu haiuzwi. Ni maneno mazuri, na sina haki ya kuyadharau, kwa kuwa ninyi mmesoma kuliko sisi na mnajua sheria za kazi kwa vifungu. Wengi wenu pia mna haki ya kuuliza kama huyo mfagiaji aliyetetewa aliwahi kuulizwa anafikiri nini. Filamu inampitia haraka, na hilo ni kasoro yake. Ila ningeomba mzingatie jambo moja kabla hamjamhukumu Stanley. Kizazi kile, na chetu baada yake, hakikuwa na mshahara wa mtu mmoja. Ulipopokea bahasha ulikuwa umeibeba tu. Wenyewe walikuwa nyumbani. Mwalimu kijana aliyepangiwa kazi mkoa wa mbali katika miaka yetu alikuwa akigawa mshahara kabla haujatoka: ada ya mdogo wake, dawa ya bibi, bati la nyumba ya baba. Asingeweza kuitupa kazi usoni mwa mkuu wake bila kuwatupa pia watu ambao mkuu huyo hakuwajua hata kwa sura. Uvumilivu wetu mwingi ambao ninyi mnauita woga ulitoka hapo. Woga nao ulikuwepo, sikatai.

Kisha kuna ugomvi wa Kate na Blanche, ambao filamu inaubeba vizuri kuliko vichekesho vyake vyote. Blythe Danner, aliyemwigiza Kate, kwa macho yangu ana sura laini mno kwa mama mwenye hesabu kali kiasi kile, lakini katika ugomvi huo anastahili kila pongezi. Na Judith Ivey, kwa nafasi ya Blanche, hapitwi. Ng'ambo ya barabara anaishi Mwairishi, Frank Murphy, mpenda chupa, ambaye amemvutia Blanche. Kate hawaamini Wairishi wa ng'ambo na hafichi. Mipango ya Blanche kutoka naye jioni moja inavunjika kwa sababu ya ulevi wa bwana yule, na katika hasira ya siku hiyo, Jack akiwa kitandani na dola 17 zimekwenda na karata, Kate anafungua mdomo. Yanatoka ya miaka mingi: kwamba tangu utoto yeye ndiye wa kufanya kazi na mdogo wake ndiye wa kuonewa huruma. Blanche anajibu kwa kutaka kuondoka, akatafute kazi, akapange chumba chake. Hakuna mwovu kati yao. Aliyetoa amechoka kutoa, na aliyepokea amechoka kupokea, na sijui uchovu upi ni mchungu zaidi. Nyumba zetu nyingi ziliishi hivyo. Watoto wa mama mkubwa na wa mama mdogo walilala mkeka mmoja, wakala sinia moja, na majirani wakatusifu kwa undugu, lakini nyuma ya mlango kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akihesabu vipande vya nyama kwa macho na kumeza maneno. Tunapowahubiria vijana kuhusu undugu wa zamani, mara nyingi tunamsahau huyo. Neil Simon hakumsahau, na alimpa nafasi ya kusema.

Uyahudi wa nyumba hii hautangazwi kwa sala ndefu. Upo katika chakula, katika namna ya kubishana mezani, na katika mazoea ya kunong'ona majina ya magonjwa makubwa kana kwamba ugonjwa ukisikia jina lake utaitika. Upo pia katika hofu. Kati ya 1881 na 1924, Wayahudi kama milioni 2 walivuka bahari kutoka Ulaya Mashariki kuingia Marekani, wakikimbia umaskini na mashambulizi ya makundi dhidi ya vijiji na mitaa yao. Wengi walitua New York, na viwanda vya nguo vikawameza. Mkata makoti ya mvua kama Jack hakuchagua kazi hiyo kwa mapenzi. Ndiyo iliyokuwa wazi kwa watu wake. Mwaka 1924 Marekani ilifunga mlango kwa sheria ya mgawo wa uhamiaji kwa kila nchi. Mgawo wa Poland katika miaka ya 1930 ulikuwa watu 6,524 kwa mwaka, katika nchi yenye Wayahudi zaidi ya milioni 3. Ukilijua hilo, mwisho wa filamu unabadilika mbele ya macho yako. Zinafika habari kwamba jamaa ya Jack, Sholem, amefanikiwa kutoka Poland pamoja na mkewe, watoto na mama yake, na wako njiani. Nyumba iliyokuwa imejaa watu saba, baba mgonjwa, akiba hakuna, inaanza kuhesabu tena: nani atalala na nani, nani atahamia sebuleni. Hakuna anayeuliza kama wapokewe. Wao wanajua tu kwamba mambo ya kule ni mabaya. Ni sisi watazamaji tunaojua kwamba katika kila Wayahudi kumi wa Poland ya wakati ule, takriban tisa hawakuiona 1945. Wageni hao wa kubanana nao katika vyumba vya Brooklyn ndio waliosalimika.

Msomaji wa kwetu asidhani mambo hayo yalikuwa mbali sana naye. Kuanzia 1942, Wapolandi wapatao 5,000 waliishi kambini Tengeru, karibu na Arusha. Wengi walikuwa Wakatoliki, wanawake na watoto waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na dola ya Kisovieti, na njia yao haikuwa njia ya Sholem. Lakini makaburi yao yapo hadi leo, na ndani yake wamo Wayahudi pia. Wazee walionitangulia waliwaona wakilima bustani na kufundisha watoto wao chini ya Mlima Meru. Ukimbizi ulipokuja kutugusa sisi wenyewe wa Afrika Mashariki katika miaka ya baadaye, na nyumba za Kigoma na Ngara zikalazimika kufanya hesabu ya vitanda, tulikuwa tumeshaiona ikifanywa.

Wapo wanaosema filamu hii ni tamu mno, kwamba familia zenye shida hivyo haziishii kukumbatiana. Wana sehemu ya haki, na ukweli wenyewe ni mkali kuliko wanavyodhani. Neil Simon alizaliwa Bronx tarehe 4 Julai 1927 na kukulia Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan, si Brighton Beach. Baba yake, aliyekuwa katika biashara ya nguo, aliihama familia mara kadhaa, akirudi na kuondoka tena. Mama yake alihangaika kuwalisha watoto, akapangisha hata chumba. Aliyemlea kwa mkono wa kiume, akamfundisha kuandika vichekesho, alikuwa kaka yake Danny, aliyemzidi miaka takriban tisa; huyo ndiye chimbuko la Stanley, na wawili hao waliandika pamoja kwa ajili ya redio na televisheni kabla Neil hajageukia jukwaa. Kwa hiyo Jack, baba anayerudi kila usiku, anayesikiliza kila mtu, anayewaambia wanawe kwamba anaona fahari, ni baba ambaye mwandishi hakumpata kwa ukamilifu. Alimtunga. Alikuwa ameshapita miaka 50 alipofanya hivyo, tajiri, mwenye jina, na Broadway ilimpokea kwa maonyesho 1,299.

Mimi siiti huo uongo. Katika rika langu wapo wengi ambao baba zao walikwenda manamba, mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, wakarudi baada ya miaka au hawakurudi kabisa, na mama zetu walitulea na baba wa maneno: baba yako angependa hivi, baba yako hakuwahi kulala na deni. Tulikua tukimtii mtu ambaye hatukuwa tukimwona. Sijui ni wangapi kati yetu wangekuwa walimu, makarani, mafundi wa reli, bila baba huyo aliyetungwa jikoni na mwanamke aliyechoka. Simon alifanya kwa kalamu kile mama hao walichokifanya kwa mdomo, na nadhani alijifunza kwa mama yake mwenyewe.

Tena hakukaa hapo. Hadithi ya Eugene ina sehemu tatu: ya pili, Biloxi Blues, inampeleka jeshini Mississippi wakati wa vita, ya tatu, Broadway Bound, inamrudisha Brooklyn akiwa na Stanley, wote sasa wakiandika vichekesho. Katika hiyo ya tatu Jack anaondoka. Anamwacha Kate baada ya miaka yote ile ya kubana matumizi, na mwandishi halainishi jambo hilo. Tamthilia hiyo ilifunguliwa Broadway Desemba 1986, mwezi uleule ambao filamu yetu ilitoka sinemani, kiasi kwamba mtu wa New York angeweza kumwona Jack aliyebaki na Jack aliyeondoka katika wiki moja, kwa tofauti ya nauli ya basi tu. Vijana wanaponiuliza waanze na ipi, huwaambia waanze na filamu, waicheke kwa raha zao, kisha waitafute ya tatu, kwa kuwa humo Kate ana nafasi kubwa zaidi na hana mtu wa kumtuma siagi.